Mchaniko Mmoja, Hasara Dola 75,000: Jinsi Dosari Zinavyopanga Bei ya Majarida ya Katuni ya Zamani

MWAKA 2013 fundi mmoja wa ujenzi katika mji mdogo wa Elbow Lake, jimbo la Minnesota nchini Marekani, alikuwa akibomoa ukuta wa nyumba chakavu aliyoinunua kwa dola 10,100. Ndani ya ukuta, katikati ya magazeti ya zamani yaliyoshindiliwa humo kuzuia baridi, alikuta jarida la katuni. Lilikuwa toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Lilipotoka kiwandani liliuzwa senti 10.

Kabla halijafika sokoni, jarida hilo lilizua mvutano nyumbani. Jamaa mmoja wa familia alilikwapua, mwenyewe akalivuta, na jalada la nyuma likachanika. Kampuni iliyolipeleka mnadani ilikadiria kuwa mchaniko huo peke yake ulikuwa hasara ya dola 75,000. Jarida lilipewa daraja la 1.5 katika kipimo kinachoishia 10, na Juni mwaka huohuo likauzwa dola 175,000.

Agosti 2014 nakala nyingine ya toleo hilohilo, yenye daraja la 9.0 na kurasa ambazo bado zilikuwa nyeupe, ilinadiwa kupitia eBay na kufikia dola 3,207,852. Hadithi ni ileile, michoro ni ileile na idadi ya kurasa ni ileile. Kilichotofautiana ni hali ya karatasi, na tofauti hiyo iliifanya nakala moja iuzwe zaidi ya mara 18 ya bei ya nyingine.

Kwa mwekezaji mdogo anayeliangalia soko hili, hilo ndilo jambo la kwanza kulielewa. Anayelipa fedha nyingi kwa jarida la katuni la zamani hanunui hadithi, kwa kuwa hadithi hiyo imechapishwa upya mara nyingi na hupatikana kwa bei ndogo. Ananunua hali ya karatasi. Kila mkunjo, kila doa na kila pini yenye kutu ina bei yake.

Kipimo cha 0.5 hadi 10

Mfanyabiashara aliyezoea mnada wa kahawa wa Moshi hatashangazwa na mpangilio huu. Anafahamu kuwa kahawa ya shamba moja hutenganishwa kwa madaraja, na kwamba mnunuzi wa AA hakubali kuuziwa daraja la chini kwa bei ya juu. Hata hivyo, mkulima wa kahawa anatarajia mavuno mengine mwakani, ilhali jarida la mwaka 1938 halivunwi tena. Action Comics namba 1 ilichapishwa nakala zinazokadiriwa kufikia 200,000, na inaaminika kuwa zilizobaki ni takriban 100 tu. Nyingine zilisomwa hadi zikachakaa, zikatupwa na wazazi, au zilikusanywa kama karatasi chakavu wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Kwa miaka mingi soko hili lilitumia maneno matupu kueleza hali ya bidhaa. Robert Overstreet alitoa kitabu chake cha kwanza cha mwongozo wa bei mwaka 1970, na wauzaji wakawa wanaeleza majarida yao kwa maneno kama "nzuri", "safi" na "mpya kabisa". Tatizo likawa macho ya muuzaji na macho ya mnunuzi. Jarida aliloliita "safi" aliyekuwa akiuza liligeuka "nzuri" tu lilipofika mikononi mwa aliyelipa.

Mwaka 2000 ilianza kazi kampuni ya Certified Guaranty Company, maarufu kwa herufi CGC, yenye makao katika jimbo la Florida. Kazi yake ni kukagua majarida na kuyapanga madaraja kwa niaba ya wenye mali, kisha kuyafungia katika kasha gumu la plastiki lenye lebo inayoonyesha daraja. Kipimo chake kina ngazi 25, kuanzia 0.5 ambayo ni hali mbaya kabisa, hadi 10.0 ambayo haionyeshi dosari yoyote. Kampuni nyingine zimejitokeza baadaye, lakini mfumo wa namba ndio uliotawala soko.

Mwekezaji mgeni anapaswa kuwa makini na maneno ya zamani, kwa sababu bado yanatumika pembeni mwa namba. Daraja linaloitwa "nzuri" ni la 2.0 tu. Hilo ni jarida lililo kamili lakini limesomwa sana, lina mikunjo, na huenda lina michaniko midogo na madoa. Daraja la 4.0 huitwa "nzuri sana", na bado ni jarida lenye uchakavu unaoonekana bila miwani. Aliyeuziwa "nzuri sana" akidhani amepata bora amelipia maneno.

Dosari na uzito wake

Wakaguzi huanzia mgongoni, yaani pale jarida lilipokunjwa na kubanwa pini. Kila jarida linapofunguliwa, mgongo hubeba nguvu. Baada ya muda hujitokeza vijistari vidogo vinavyokatiza mgongo. Hapa kuna tofauti ambayo wafanyabiashara wazoefu huitazama kabla ya jambo lolote. Kama kijistari kimebonyea tu na rangi imebaki, dosari ni ndogo. Kama nyuzi za karatasi zimevunjika na wino umedondoka, hubaki mstari mweupe, na huo haurudi. Vijistari vichache vya aina hiyo vinatosha kuliondoa jarida katika madaraja ya juu kabisa.

Dosari ya pili ni mgongo uliopinda. Msomaji aliyezoea kulikunja jarida nyuma ili alishike kwa mkono mmoja, husogeza kurasa hadi jalada la mbele linahamia upande. Nakala zilizotumwa kwa posta kwa waliolipia usajili nazo zilikunjwa katikati kutoka juu hadi chini, na mkunjo huo huonekana hadi leo kama mstari uliogawa jalada nusu kwa nusu.

Pini nazo zina habari yake. Chuma kikikutana na unyevu hupata kutu, kutu hupaka karatasi rangi ya kahawia na kuidhoofisha, na hatimaye jalada huchomoka kwenye pini moja au zote mbili. Kurasa za katikati pia huweza kuachia. Jarida ambalo jalada lake limeachia kabisa hushuka hadi madaraja ya chini, hata kama michoro ya jalada inang'aa.

Maji huacha alama inayofanana na ile ya bahari inapokupwa: mstari wa kahawia unaoonyesha yalipofikia. Karatasi iliyolowa na kukauka hubaki na mawimbi, na mara nyingine ukungu huacha madoadoa. Jua, kwa upande wake, hufifisha rangi. Majarida yaliyopangwa kwa rundo bila kulingana hupata ukingo mmoja uliopauka pale ulipochomoza nje ya mwenzake.

Baadhi ya dosari zilitoka kiwandani. Majarida mengi ya kampuni ya Marvel ya miaka ya 1950 na 1960 yalikatwa kwa visu butu, hivyo kingo za majalada yake zilianza kumeguka vipande vidogo tangu siku ya kwanza. Hii ndiyo sababu mojawapo ya nakala bora za kipindi hicho kuwa adimu. Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, ambamo Spider-Man alitokea kwa mara ya kwanza, iliuzwa senti 12 ilipotoka. Nakala yake ya daraja la 9.6 iliuzwa dola milioni 1.1 mwaka 2011, na Septemba 2021 nakala nyingine ya daraja hilo ilifikia dola milioni 3.6.

Kilichokatwa kwa mkasi

Ipo dosari ambayo imewaumiza wengi kwa sababu haionekani kwa nje. Katikati ya miaka ya 1970 Marvel ilichapa ndani ya majarida yake stempu ndogo za picha, na kuwahimiza wasomaji wazikate na kuzibandika katika kijitabu maalumu. Watoto walitii. The Incredible Hulk namba 181 ya Novemba 1974, iliyouzwa senti 25, ndiyo yenye hadithi ya kwanza kamili ya Wolverine, na sasa ni miongoni mwa majarida yanayotafutwa zaidi ya miaka hiyo. Ndani yake kulikuwa na stempu namba 54.

Nakala iliyokatwa stempu hiyo si kamili. Jalada linaweza kuwa safi, mgongo ukawa umenyooka na pini zikang'aa, lakini mkaguzi atakapohesabu na kufungua kurasa ataliona tundu. Jarida hilo huweza kushushwa hadi chini ya kipimo, au kuwekewa lebo ya kijani inayomwonya mnunuzi kuwa daraja lililoandikwa lina masharti. Bei hushuka kwa kiwango kikubwa katika hali zote mbili. Aliyenunua mitaani bila kufungua ndiye anayebeba hasara.

Karatasi yenyewe

Kurasa za ndani za majarida ya zamani zilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, iliyotengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini. Lignini ikipata mwanga na hewa hubadilika rangi, na asidi iliyomo hukata nyuzi za karatasi taratibu. Ukurasa mweupe hugeuka wa rangi ya maziwa, kisha wa rangi ya udongo, na mwisho hukauka na kumeguka unapoguswa. Joto na unyevu huharakisha safari hiyo.

Ndiyo maana lebo ya CGC huandika rangi ya kurasa kando ya daraja, na ndiyo maana historia ya mahali jarida lilipotunzwa ina thamani sokoni. Mkusanyiko unaotajwa kuwa bora kupita yote ni ule wa Edgar Church, ulionunuliwa mwaka 1977 na mfanyabiashara Chuck Rozanski katika eneo la Denver, Colorado. Majarida hayo, yaliyozidi 15,000, yalikuwa yamepangwa kwa marundo katika hali ya hewa kavu na ya baridi. Yalitoka na rangi kali na kurasa nyeupe, na hadi leo nakala yenye jina la mkusanyiko huo hulipiwa ziada.

Novemba 2025 nakala ya Superman namba 1 ya mwaka 1939 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 9.12. Ilikuwa na daraja la 9.0, na ilikutwa darini mwa nyumba ya familia kaskazini mwa California, ndani ya boksi la kawaida na chini ya magazeti. Hakuna aliyeitunza kwa utaalamu. Iliokolewa na ubaridi, giza na kutoguswa. Kwa anayeishi Dar es Salaam au Mombasa, ambako unyevu wa bahari huingia hadi kabatini, bahati ya namna hiyo haitegemewi. Mali ya karatasi huko inahitaji mfuko wa poliesta, kadibodi isiyo na asidi, na chumba kikavu.

Mkarabati anapoongeza hasara

Mwenye jarida lililochanika hujiuliza kwa nini asilitengeneze. Jibu la soko ni kali. Selotepu ndiyo adui wa kwanza. Gundi yake huingia katika karatasi, hugeuka njano, na baada ya miaka huacha doa lisilotoka hata utepe wenyewe ukibanduka. Mchaniko mdogo uliozibwa kwa selotepu huwa dosari mbili badala ya moja.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Walipaka rangi kwa kalamu palipokwanguka, wakabandika vipande vilivyomeguka, au wakakata kingo zilizochakaa ili zionekane mpya. Katika miaka ya 1970 na 1980 kazi kama hizo hazikuonwa kuwa kosa kubwa, na baadhi ya wenye mali waligharimia ukarabati wakiamini wanaongeza thamani. Baada ya mwaka 2000 wakaguzi wa CGC walianza kuyatenga majarida hayo kwa lebo ya zambarau. Jarida lenye lebo hiyo linaweza kuandikwa daraja la juu, lakini wanunuzi hulipa sehemu tu ya bei ya lile lenye lebo ya buluu ya daraja hilohilo, yaani lisiloguswa.

Somo hapa ni la kibiashara moja kwa moja. Uharibifu ulio wazi hupunguza bei, lakini uharibifu uliofichwa hupunguza bei pamoja na imani. Mnunuzi anaweza kupiga hesabu ya mchaniko anaouona. Asichoweza kukipigia hesabu ni kile anachohisi amefichwa.

Faida ya kunyoosha

Lipo eneo moja ambalo wafanyabiashara wamelitumia kupata faida halali. CGC haihesabu kusafisha kwa njia kavu wala kunyoosha kwa joto na uzito kuwa ni ukarabati. Kunyoosha huweza kuondoa mibonyeo, mawimbi madogo na mikunjo ambayo haikuvunja rangi. Hivyo basi wapo wanaotafuta majarida yaliyopewa daraja la wastani kwa sababu ya dosari za aina hiyo, wakayanyoosha, kisha kuyapeleka kukaguliwa upya kwa matumaini ya kupanda ngazi moja au mbili.

Biashara hii inahitaji jicho. Anayenunua jarida lenye mikunjo iliyovunja rangi, akidhani litanyooka, atalipia kazi ya fundi na ada ya ukaguzi, na daraja litabaki palepale. Aidha, joto likizidi au mikono ikiwa ya pupa, jarida huharibika kuliko lilivyokuja.

Hali nzuri bila uhaba

Wapo pia waliojifunza nusu ya somo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wengi nchini Marekani walisikia bei za majarida ya zamani na kuanza kununua mapya kwa wingi, wakayafunga katika plastiki bila kuyasoma. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilitolewa nakala zaidi ya milioni nane. Superman namba 75, iliyotoka Novemba 1992 ikieleza kifo cha shujaa huyo, iliuzwa kwa mamilioni, na nakala zake nyingi zilifungwa ndani ya mfuko mweusi ambao wanunuzi hawakuufungua.

Majarida hayo mengi yangali safi hadi leo, na hiyo ndiyo sababu hayana bei. Kila mtu alitunza yake. Soko lilianguka, maduka mengi yakafungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Daraja la juu huwa na thamani pale tu nakala nyingine nyingi zilipoharibika.

Mnunuzi mdogo ajikinge vipi

Kwa mwenye mtaji mdogo, iwe ni Mwafrika Mashariki anayeishi Marekani na kukutana na boksi la majarida katika mauzo ya vitu vya nyumbani, au mfanyabiashara anayeagiza kutoka nje, zipo hatua ambazo hazigharimu fedha. Ya kwanza ni kuhesabu kurasa zote na kuangalia kama kuna kilichokatwa. Ya pili ni kuinamisha jalada chini ya taa, kwa kuwa mwanga wa pembeni hufichua mibonyeo, rangi ya kalamu na mng'ao wa gundi. Ya tatu ni kutazama kingo tatu: zikiwa zimenyooka kupita kiasi kwa jarida la umri huo, huenda zimekatwa.

Jarida lililomo ndani ya kasha nalo halimwondolei mnunuzi wajibu. Mwishoni mwa 2023 CGC ilitangaza kuwa imegundua udanganyifu ambapo majarida yaliyomo ndani ya makasha yake yalibadilishwa na kuwekwa yenye hali duni. Ni vyema namba ya cheti ilinganishwe na kumbukumbu za kampuni, na kasha lenyewe likaguliwe kama limewahi kufunguliwa.

Mwisho kabisa, madaraja ya chini yasidharauliwe. Kwa toleo ambalo ni adimu kweli, hata nakala iliyochakaa ina mnunuzi, mradi ni kamili na dosari zake zimeelezwa. Fundi wa Elbow Lake alilipa dola 10,100 kwa nyumba nzima, na kwa jarida lililochanika akapokewa mnadani kwa bei ya mara 17 ya hiyo. Hasara yake ya dola 75,000 haikutokana na miaka 75 ambayo jarida lilikaa kimya ukutani. Ilitokana na mikono miwili iliyolivuta kabla ya kuuzwa.